Nakala Si Ufufuo

Maneno mawili yatembea mijini na vijijini juu ya ile elimu ya kuzalisha wanyama kwa nakala, nami sikubaliani na lolote katika hayo mawili. Neno la kwanza lasema kwamba wataalamu wa Ulaya, Asia na Marekani wamemnyang'anya Muumba kazi yake, na kwamba mtu atakayezaliwa kwa njia hiyo atakuwa kivuli tu, mwili usio na roho. Neno la pili ni tamu kuliko la kwanza, na kwa sababu hiyo ni baya zaidi: lasema kwamba sasa mauti imepata mshindani, na mwenye fedha za kutosha aweza kurudishiwa aliyemzika. La kwanza ni hofu ya mtu asiyeuliza. La pili ni biashara.

Nataka kuyapinga yote mawili. Walakini nisieleweke vibaya. Mimi nami nasema kwamba mtoto wa binadamu asizalishwe kwa nakala. Ila neno hilo yapasa lisimame juu ya sababu za kweli. Sababu ya uongo hufaa mpaka siku ile atakapoonekana mtoto wa kwanza, anacheka na kulia na kuomba maji kama watoto wote. Siku hiyo watu watasema, "Mwalimu alitudanganya," nao watayakataa hata yale tuliyowaambia kwa haki.

Tuanze shambani, maana jambo lenyewe si geni kama lidhaniwavyo. Mkulima akatapo mti wa muhogo vipande vipande na kuvitia ardhini, hapandi uzao mpya. Apanda muhogo ule ule alioung'oa mwaka jana. Mgomba nao hatuupandi kwa mbegu: twachukua chipukizi lililotoka ubavuni mwa mama yake, nalo likikua huwa ni mama yake tena. Muwa ni vivyo hivyo, na viazi vitamu, na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge katika nchi ambayo siku zile iliitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Katika hiyo 62 ndipo mashamba makubwa ya Tanga yalipoanza. Hata jina la mambo haya, kloni, limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kitawi, nalo lilitungwa mwaka 1903 na Herbert Webber, mtaalamu wa mimea.

Basi babu zetu walikuwa wakifanya nakala kwa jembe na panga, wala hapana aliyesema kwamba wamekufuru.

Lakini mnyama si muhogo. Ukikata mguu wa mbuzi na kuufukia, utapata inzi. Mnyama hutoka kwa wawili: nusu ya urithi wake yatoka kwa baba, nusu kwa mama, na nusu hizo huchanganywa upya kila mara, ndiyo maana watoto wa nyumba moja hawafanani ijapokuwa wazazi ni wale wale. Urithi huo umeandikwa katika kiini cha kila chembe hai ya mwili, chembe ndogo hata jicho haliwezi kuiona. Na swali lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi lilikuwa hili: je, chembe ya ngozi, au ya utumbo, bado inayo maandiko yote ya kuufanya mwili mzima, au imekwisha kutupa yale isiyoyahitaji?

Mwaka 1891 Hans Driesch alichukua viinitete vya yule mnyama wa baharini mwenye miiba, ambaye wavuvi wa pwani huogopa kumkanyaga. Akavitikisa kila kimoja kilipokuwa chembe mbili tu, hata zikaachana. Na kila chembe ikakua ikawa mnyama kamili, ila mdogo. Mwenziwe Hans Spemann alifanya kazi hiyo kwa mnyama wa majini afananaye na mjusi, akiligawa yai kwa kulifunga na unywele wa mtoto mchanga, maana hakuwa na uzi mwembamba kuliko huo. Mwaka 1938 Spemann akaandika wazo ambalo yeye mwenyewe aliliona kama ndoto: kutwaa kiini cha chembe iliyokwisha kukomaa na kukitia katika yai lililotolewa kiini chake. Mwaka 1952 Robert Briggs na Thomas King, huko Philadelphia, wakaifanya ndoto hiyo kwa chura, ijapokuwa viini vyao vilikuwa bado vichanga.

Kisha akaja John Gurdon wa Oxford. Walimu wenzangu watapenda kujua habari za huyu. Alipokuwa kijana shuleni, mwaka 1949, mwalimu wake aliandika katika cheti chake kwamba kufikiri kwake kuwa mwanasayansi ni upuuzi mtupu. Naye Gurdon akakihifadhi cheti hicho maisha yake yote. Mwaka 1962 alitangaza kwamba amechukua viini kutoka katika utumbo wa viluwiluwi, akavitia katika mayai ambayo viini vyake vimeuawa kwa miali, na baadhi ya mayai hayo yakakua yakawa vyura kamili. Mwaka 2012 akapewa tuzo ya Nobel. Na chura aliyemtumia ni wa kwetu Afrika, yule mwenye kucha miguuni, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akipelekwa Uingereza kutoka Afrika ya Kusini ili kupima kama mwanamke ana mimba: walimdunga mkojo wa mwanamke, na akitaga, mimba ipo. (Tusikae tukidhani kwamba elimu hii yote imetoka mbali na haina mkono wetu.)

Chura, hata hivyo, hutaga mayai majini, nayo ni makubwa na mepesi kushikika. Kwa mnyama anyonyeshaye, ambaye yai lake ni dogo sana na mimba yake hukaa tumboni, wengi walisema haiwezekani. Ndipo tukafika Roslin.

Roslin ni kijiji karibu na Edinburgh, katika Uskoti. Hapo Ian Wilmut na Keith Campbell pamoja na wenzao walitwaa chembe za kiwele cha kondoo jike mwenye umri wa miaka 6, wa aina ya Finn Dorset, ambaye uso wake ni mweupe. Wakazinyima chembe hizo chakula hata zikatulia kama mbegu iliyo ghalani. Kisha wakatwaa mayai ya kondoo wa aina nyingine, wale wenye nyuso nyeusi, wakayaondoa viini vyake, wakaweka kando ya kila yai chembe moja ya kiwele, wakapitisha umeme kidogo, na vile viwili vikaungana vikawa kitu kimoja. Tarehe 5 Julai 1996 kondoo mwenye uso mweusi akazaa mwana mwenye uso mweupe. Wakamwita Dolly, kwa jina la mwimbaji wa Marekani Dolly Parton. Ulimwengu ukapata habari mwezi wa Februari 1997, na kelele zilizotokea wazee wengi wazikumbuka.

Katika kelele zile, hesabu moja ilisahauliwa, nami naomba msomaji aishike, maana nitairudia. Mayai yaliyounganishwa yalikuwa 277. Yaliyokua kiasi cha kutiwa tumboni yalikuwa 29. Kondoo waliotiwa ni 13. Aliyezaliwa ni mmoja.

Sasa nawageukia wale wa neno la kwanza. Mwasema wataalamu wameumba. Wameumba nini? Yai hawakulifanya; walilichukua kwa kondoo. Chembe hawakuifanya, waliichukua kwa kondoo mwingine. Tumbo hawakulifanya, kondoo wa tatu alibeba mimba siku zake zote. Mtu aliyehamisha mche kutoka kitalu hiki hata kitalu kile hakuumba mti, ijapokuwa alikuwa na ustadi mkubwa na watu wote wakamsifu. Kama kazi hii ni kuumba, basi na mama yangu aliyekata vipande vya muhogo aliumba, na kitabu cha Mwanzo tumekisoma bure.

Mwasema tena kwamba mtu wa namna hiyo hatakuwa na roho. Hili ndilo neno linaloniudhi, kwa kuwa madhara yake hayatamwangukia mtaalamu aliyeko Ulaya, yatamwangukia mtoto. Tazameni mapacha wale wanaofanana hata mama yao huwatofautisha kwa kovu au kwa uzi mkononi. Hao wametoka katika yai moja lililogawanyika. Urithi wao ni ule ule. Kwa elimu ya viumbe kila mmoja ni nakala ya mwenziwe, tena nakala iliyo kamili kuliko Dolly, maana Dolly alipata sehemu ndogo ya urithi kutoka kwa yule mwenye yai. Je, roho ni ya nani kati yao? Mchungaji akiwabatiza humwagia maji mmoja na kumwacha mwingine? Mtume Tomaso jina lake la pili lilikuwa Pacha, wala hatujasikia mtu akisema kwamba imani yake ni nusu, ijapokuwa alichelewa kuamini.

Walikuwako watu waliowahi kutoa hukumu kama hii yenu. Katika nchi ya Calabar, magharibi ya Afrika, mapacha walipozaliwa waliuawa au kutupwa porini, na mama yao akafukuzwa, kwa sababu ilisemwa kwamba wawili wasioweza kupambanuliwa si kazi ya mema. Mary Slessor alitoka Uskoti mwaka 1876 akaenda huko, akawaokota watoto hao na kuwalea nyumbani mwake hata alipokufa mwaka 1915. Uskoti huo huo, miaka mia moja na ishirini baadaye, ukamzaa kondoo Dolly. Nasema, mtu akizaliwa kesho kwa nakala, katika nchi yoyote, kwa kosa la yeyote, mtoto huyo ni mtu, ana jina na haki na mahali katika kanisa. Na anayefundisha leo kwamba hana roho aandaa pori la kumtupa.

Naam, hao nimewamaliza, na nilikuwa na huruma nao kidogo kwa sababu waogopa tu. Wa neno la pili sina huruma nao.

Katika Marekani, Korea na China kuna makampuni ambayo kazi yake ni hii: mbwa wako akifa, au kabla hajafa, wapeleka kipande cha ngozi yake, walipa makumi elfu ya dola, nawe waletewa mtoto wa mbwa. Wauzaji hujihadhari wasiseme waziwazi kwamba ni yule yule. Lakini mteja asingetoa fedha zile kama hakuamini hivyo moyoni. Basi na tuseme ukweli kwa niaba yao. Tarehe 22 Desemba 2001, katika chuo kikuu cha Texas A&M, alizaliwa paka wa kwanza wa nakala. Mama wa chembe zake alikuwa paka wa rangi tatu, aitwaye Rainbow. Mtoto alizaliwa bila ile rangi ya machungwa! Sababu yake ni kwamba rangi za paka wa namna hiyo hupangwa wakati chembe zigawanyikapo tumboni, na mpangilio huo haurudiwi. Ikiwa hata manyoya ya paka hayakubali kurudiwa, tutasemaje juu ya tabia yake, na yule mwenyeji wake aliyemzoea mlangoni, na magonjwa aliyoyapata, na fimbo alizopigwa?

Na huyo mmoja aliyekuja hakuja peke yake. Mbwa wa kwanza wa nakala, Snuppy, alizaliwa Seoul mwaka 2005. Viinitete 1,095 vilitiwa katika mbwa majike 123, mimba zikashika tatu, wakazaliwa wawili, mmoja akafa baada ya siku 22. Ustadi umeongezeka tangu hapo, nakubali. Lakini mteja anayempakata mbwa wake mpya haonyeshwi wale majike waliopasuliwa matumbo ili yeye afutwe machozi.

Toka kwa mbwa hata mtoto ni hatua moja tu katika moyo wa mtu aliyefiwa, na hapo ndipo ninapotaka kukaa. Mama amemzika mwanawe wa miaka mitano. Kilio chake sisi twakijua. Hakuna nyumba katika vijiji vyetu isiyo na kaburi fupi. Mtu amwendee mama huyo na kumwambia, "Nipe fedha nikurudishie." Atakayemletea ni nani? Ni pacha wa yule marehemu, aliyezaliwa miaka mingi baada yake, mgeni kabisa, asiyejua hadithi aliyoipenda kaka yake wala mahali alipoanguka akavunja jino. Naye atawekwa katika kitanda cha marehemu, avae nguo za marehemu, na kila siku atatazamwa ili ionekane kama amefika. Akipenda mpira wakati kaka yake alipenda kuchora, mama atahuzunika mara ya pili. Mtoto huyu atakuwa amekosa kabla hajafanya neno.

Nasikia mtu akinijibu: "Lakini sisi nasi huwapa watoto majina ya waliokufa." Ni kweli, na ni jibu zuri kuliko mengi niliyoyasikia katika jambo hili. Katika makabila yetu mengi mjukuu huitwa kwa jina la babu yake, na bibi huweza kumwita kijana mdogo "mume wangu" kwa mzaha, na kijana akakimbia kwa haya. Lakini angalieni tofauti. Jina la babu ni zawadi, mtoto hulibeba na kuliongezea matendo yake mwenyewe, na hakuna mzee amwambiaye mjukuu, "Pua yako haikutimia." Mtoto yule alitoka kwa baba na mama waliomngoja bila kujua atakuwaje. Huko kutojua ndiko kunakomfanya mtoto kuwa huru na wazazi wake. Mwenye kuagiza nakala amekwisha kujua anachotaka. Yeye hapokei mtoto, hupokea mzigo alioulipia, na mzigo usiolingana na karatasi hurudishwa dukani au hulaumiwa.

Kisha ile hesabu ya Roslin. Wapo wasemao, "Ngoja ustadi ukue, hesabu itakuwa nzuri." Yawezekana. Huko Shanghai, mwishoni mwa mwaka 2017, walizaliwa nyani wawili wadogo, Zhong Zhong na Hua Hua. Viinitete 79 vilitiwa katika majike 21 ili wapatikane hao wawili. Nyani ni karibu na mwili wetu kuliko kondoo, kwa hiyo njia imefunguka kidogo. Lakini niulize: ustadi huo kwa binadamu utakuzwa juu ya nani? Ili mtoto mmoja azaliwe mzima lazima watangulie wengine ambao mimba zao ziliharibika, au waliozaliwa na mapafu yasiyovuta hewa. Nayo si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2003, katika Hispania, walijaribu kumrudisha mbuzi wa mlimani wa milima ya Pyrenees, ambaye wa mwisho wa aina yake alikufa mwaka 2000. Mwana akazaliwa hai, akafa baada ya dakika chache, mapafu yake yana kasoro. Kwa mbuzi twaweza kubishana. Kwa mtoto, ni baba gani atakayejitolea kuwa wa 200 katika wale 277?

Tena yapasa yahesabiwe na mayai. Yai la mwanamke haliokotwi kama yai la kuku. Hupatikana kwa kumdunga dawa kali siku nyingi na kumchoma sindano ndani ya mwili. Katika Korea ya Kusini Hwang Woo-suk alitangaza mwaka 2004 na 2005 kwamba amefanya viinitete vya binadamu kwa nakala na kupata kwavyo chembe za kuponyesha magonjwa. Serikali ilimtukuza, ikatoa hata stempu ya posta kwa ajili ya kazi yake. Mwishoni mwa mwaka 2005 ikafichuka kwamba matokeo yale yalikuwa ya kughushi, na mwanzoni mwa 2006 maandiko yake yakafutwa. Mayai zaidi ya 2,000 yalikuwa yamechukuliwa kwa wanawake zaidi ya 100. Wengine walilipwa, baadhi yao waliugua, na wawili walikuwa wasaidizi wake mwenyewe katika kazi, ambao ni vigumu kumwambia bwana wao hapana. Cha ajabu, Snuppy yule mbwa alitoka mikononi mwa mtu huyo huyo, naye alipopimwa alionekana ni nakala ya kweli. Mtu aweza kusema kweli juu ya mbwa na uongo juu ya binadamu.

Nawaomba walio maskini wafikiri sana hapo. Siku biashara hii itakaporuhusiwa, matajiri hawatatoa mayai ya binti zao, wala hawatabeba mimba 28 ziharibikazo. Watatafuta binti ambaye ada ya shule imemshinda. Kwa hiyo jambo hili, ijapokuwa laonekana ni la maabara za mbali, laweza kubisha hodi katika nyumba zetu haraka kuliko umeme.

Wengine husema kwamba bila kufanya viinitete hivyo hatutapata dawa. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka, yule aliyeshiriki tuzo pamoja na Gurdon, alionyesha katika panya kwamba chembe ya ngozi yaweza kurudishwa utoto wake bila yai lolote, na mwaka uliofuata akaonyesha hivyo kwa chembe za binadamu. Mwaka 2013, huko Oregon, ile kazi ambayo Hwang aliidanganya ikafanyika kwa kweli. Lakini wengi katika wataalamu walikuwa wamekwisha kuifuata njia ya Yamanaka, ambayo haimchomi mwanamke sindano.

Juu ya wanyama sitakuwa mkali hivyo. Nia ya kwanza ya watu wa Roslin haikuwa mchezo: mwaka 1997 walimzalisha Polly, kondoo aliyetiwa urithi wa binadamu ili maziwa yake yawe na dawa ya wale ambao damu yao haigandi. Na huko Marekani, mwaka 2020, alizaliwa kwa nakala mnyama mdogo wa porini afananaye na nguchiro, ambaye aina yake karibu imekwisha duniani, kutoka katika chembe zilizogandishwa tangu mwaka 1988. Hilo nalisifu, kwa sababu jike yule wa zamani hakuwa ameacha uzao, na urithi wake ungeongeza nguvu katika ukoo uliobakia mchache. Lakini wale nyani watano waliotangazwa Shanghai mwaka 2019, walionakiliwa kutoka kwa nyani aliyeharibiwa urithi wake kusudi akose usingizi na kuugua, siwezi kuwasifu waliowafanya. Kuzidisha mateso kwa nakala, ili mateso yafanane na kupimwa vizuri, ni jambo ambalo mtu mwenye mifugo atalielewa bila kuelezwa.

Na hata palipo halali, mkulima awakumbushe wataalamu neno moja, maana yeye amelijua kabla yao. Shamba la nakala hufa pamoja. Ndizi ya Gros Michel, iliyolisha masoko ya Ulaya na Marekani, ilikuwa mgomba mmoja uliorudiwa mara mamilioni. Ukaja ugonjwa wa Panama udongoni, na kufikia miaka ya 1960 biashara yake ilikuwa imekufa. Ikawekwa badala yake Cavendish, nayo pia ni nakala. Na ugonjwa wa aina mpya unaoiua ulionekana Msumbiji mwaka 2013. Muhogo wetu nao ulipopigwa na batobato, watu wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara, miaka ya 1930, hawakutafuta vipande vingine vya muhogo ule ule. Walirudi kwenye maua na mbegu. Wakauchanganya muhogo na ndugu zake, hata na mti wa mpira wa Ceara, wakapata mche wenye damu mpya uliostahimili.

Imebaki sheria. Desemba 2002 dhehebu moja lisemalo kwamba wanadamu walifanywa na wageni kutoka nyota nyingine lilitangaza kwamba mtoto wa nakala amezaliwa, kisha halikuleta ushahidi wowote. Mpaka leo hapana mtoto wa namna hiyo aliyethibitishwa. Afrika ya Kusini ilikataza jambo hili katika sheria yake ya afya ya mwaka 2003. Tarehe 8 Machi 2005 Umoja wa Mataifa ulitoa tamko dhidi ya kunakili binadamu: nchi 84 zilikubali, 34 zilikataa, 37 hazikupiga kura. Tamko hilo ni tamko tu. Halimfungi mtu, wala halina askari. Mwenye maabara katika nchi isiyo na sheria aweza kulisoma asubuhi na kuanza kazi mchana. Wabunge wa nchi zetu waulizwe, na waulizwe na wapiga kura wa vijijini, kama sheria yao yasema neno; nayo ikiandikwa, itaje adhabu ya mwuzaji na mtaalamu, na itaje pia kwamba mtoto hana hatia na ana haki zote.

Dolly mwenyewe aliishi Roslin miaka sita na nusu. Alizaa wana sita kwa njia ya kawaida ya kondoo. Aliugua viungo, kisha uvimbe wa mapafu uletwao na virusi vijulikanavyo kwa kondoo, na tarehe 14 Februari 2003 wakamuua ili asiteseke. Sasa amesimama ndani ya kioo katika jumba la makumbusho la Edinburgh. Ikiwa yuko mwalimu mwenzangu anayeona kwamba nimewaonea wauza nakala, kurasa hizi ziko wazi na aandike. Ila aanze na wale 276.